Karatasi ya nguo: pointi saba, na sita ni za mabinti

Mbele ya masomo kufunguliwa, karatasi moja ilizunguka huku Keshero. Ilitoka kwa reinio ya wazazi wa kanisa moja (jina naliacha), mtu akaipiga foto, foto ikapita kwa simu za wazazi mpaka ikafika kwa yaya yangu, ambaye ana binti wa miaka 11. Yaya akanitumia na neno moja tu: "Soma." Nimeisoma mara tatu. Hapa kwa ukurasa wetu tumezoea kuchambua vitabu, filme na hotuba za wakubwa. Naomba leo tuchambue karatasi ya ukurasa moja, juu hii karatasi itavalisha watoto wengi wa avenyi zetu kuliko vitabu vyote tulivyosoma inivasite.

Kichwa chake kinasema ni mavazi ya heshima ya watoto wetu. Watoto. Lakini chini yake kuna pointi saba, na sita kati yake ni za mabinti, kuanzia miaka 9: pantalo hapana inje ya parsele, kola hapana kabisa, jipe ishuke chini ya magoti, mikono ya nguo ifike kwa kiwiko, meshi na rangi ya kucha hapana, na kifua kikianza kutoka, mama ahakikishe hakionekane. Pointi ya saba, ya mwisho kabisa, njo ya wavulana: wasishushe pantalo mpaka kaleso ionekane. Mstari moja. Kisha kunafuata sababu moja ya pointi zote: mabinti wasiwatie wanaume majaribuni.

Nitarudi kwa ile sababu, juu njo moyo wa karatasi. Kwanza niwe wa haki.

Walioandika wana ukweli moja ambao sisi wa dipulome tunapenda kuuruka: mtoto wa miaka 10 hachague peke yake. Nimeona wenzetu wawili watatu wakijibu ile foto kwa maneno ya Nairobi ya Novemba 2014, wakati wamama na mabinti waliingia barabarani kusema nguo yangu ni chaguo langu, kisha wanaume kumvua mwanamke nguo kwenye kituo cha basi. Yale maandamano nayaheshimu. Lakini wale walikuwa watu wazima. Wanajinunulia nguo, na mtu akiwaangalia vibaya wanajua anatafuta nini. Mtoto wa primeri ya tano hajui. Ata saa ya kulala hachague. Kumwambia mtoto wa vile kwamba chaguo ni lake ni kumwachia mzigo ambao ni wetu, halafu tunaupa ule uvivu jina la uhuru.

Na woga wa wazazi wa Goma hauko wa bure. Madaktari Wasio na Mipaka walisema kwamba mwaka 2023 walitibu watu zaidi ya 25,000 waliotendewa ukatili wa ngono katika Kongo, na wengi sana walikuwa wa Kivu ya Kaskazini, kwenye kambi za wakimbizi zilizokuwa zinazunguka mji wetu. Bulengo tunaijua. Lushagala tunaijua. Toka Keshero kufika kule ni barabara moja, ile ya Sake. Kisha ikakuja Januari 2025, na kila mtu anakumbuka alilala namna gani zile siku. Mzazi aliyepita mule, akiona binti yake ameanza kukomaa mwili, anatafuta kitu ya kushika. Hawezi kushika vita. Hawezi kushika giza la avenyi isiyo na umeme. Anashika jipe. Namuelewa kabisa.

Lakini turudi kwa wale madaktari. Walieleza pia fasi gani watu walishambuliwa: wengi walikuwa wanaenda kutafuta kuni, maji na chakula. Sasa, mwanamke wa kambi akienda kutafuta kuni anavaa nini? Tumewaona wote, walikuwa wanapita hapa kila asubui. Kikwembe mpaka chini, kingine kwa mabega, kitambaa kwa kichwa. Kama urefu wa nguo ungekuwa kinga, wale njo wangekingwa wa kwanza.

Sheria yetu nayo iko wazi kuliko karatasi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa ngono, mtu mzima akilala na mtoto wa chini ya miaka 18, ile ni kubaka, ata akisema mtoto alikubali. Haiulize alivaa nini. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inaongeza kusema kwamba ni wazazi, jamii na serikali njo wenye kazi ya kumlinda mtoto. Karatasi imegeuza ile kazi kichwa chini: mtoto wa miaka 9 njo amepewa kazi ya kuwalinda wanaume wa miaka 30 wasianguke majaribuni. Mi sijaona fasi ingine katika maisha yetu tunamwachia mtoto wa ule umri kazi nzito vile. Ata mbuzi hatumwachie peke yake.

Nitoe mfano wa karibu. Binti moja wa avenyi ya jirani, miaka 11, alikuwa anashukaka ziwani, upande wa Kituku, kuchota maji. Motari moja anayesimamaka kwa kona akaanza kumtupia maneno, yale maneno mtu mzima hasemi mbele ya mtu mzima mwenzake. Mtoto akarudi, akamwambia mama yake. Alifanya vile tunaombaka watoto wafanye: alisema. Swali la kwanza la mama, ile dakika ileile: "Weye, ulikuwa umevala nini?" Alikuwa na kaputula ya kaka yake. Mama akaikata vipande, ikawa kitambaa cha kupangusa nyumba. Motari akabaki kwa kona yake.

Zikapita wiki. Mtoto akaanza kuchelewa na maji. Mama akampiga juu ya kuchelewa. Ni mdogo wake wa kiume njo alikuja kusema: yaya anapitaka njia ya mbali, ya kuzunguka, juu yule motari anamufwata na sasa anamuitaka kwa jina. Na ile siku ya mwisho alikuwa amevaa jipe ya masomo, ile ya bulu, chini ya magoti. Lakini hakusema tena kwa mama. Angesema nini? Mara ya kwanza aliposema, aliadhibiwa ni yeye. Ya pili alijua tayari kwamba kosa iko kwa nguo, na nguo ilikuwa nzuri, basi kosa lazima iko ndani yake mwenyewe.

Kwangu mi, shida kubwa ya ile karatasi iko pale. Sentimeta za jipe tunaweza kubishana juu yake mpaka kesho, na hakuna mtoto atakufa juu ya jipe ndefu. Ile sababu iliyoandikwa chini njo inaua kitu: inaua mdomo wa mtoto. Binti aliyefundishwa kwamba jaribu linatoka kwake, siku jambo baya litamupata hatakimbilia nyumbani. Atajificha kwanza ajiulize alikosa wapi. Na wale wenye nia mbaya wanajua vizuri kumtafuta mtoto wa namna ile.

Kuna pia ile pointi ya kifua. Waganga wanasema mwili wa binti unaanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, na yote ni kawaida. Ni tofauti ya miaka mitano. Katika darasa moja ya primeri ya tano utakuta mmoja ameshakuwa kama mama mdogo na mwingine bado ni kijiti, wote wana miaka 10, wote wanalilia kalamu iliyopotea. Karatasi inamwadhibu yule aliyetangulia. Jana alikuwa anacheza kamba na wenzake, leo anaambiwa ajifunike na akae, na hajaelezwa kitu. Sisi wa agronomia tunajua kwamba mmea uliokosa mwanga unarefuka haraka kuliko wengine, lakini hakuna mkulima wa akili anauangalia na kusema umekomaa. (Najua, najua, binti si muhindi. Sitarudia.)

Watu wengine watanijibu kwamba hizi kanuni ni mila yetu. Hapa nitapita haraka, juu wababu wetu bado wako, waulizwe. Pantalo ya mwanamke ilikatazwa katika nchi hii na Mobutu, mwanzo wa miaka ya 1970, wakati wa kile alichoita kurudia uhalisi: wababa abakosti, wamama kikwembe, mini na nywele za bandia hapana. Tarehe 24 Aprili 1990 ile kamba ikalegezwa, wababa wakarudia kravati. Na Mobutu hakuwa peke yake. Kule Dar es Salaam vijana wa TANU walitangaza mwaka 1968 operesheni ya kufukuza mini na pantalo za kubana, ianze Januari 1969. Kila mara ni wakubwa wa siasa walikuwa wanatafuta fasi ya kuandika jina la taifa, wakaona mwili wa mwanamke haujaandikwa. Na kile kikwembe cha wax tunachosema ni cha asili, wenye kukitengeneza Holandi walianza kwa kuiga vitambaa vya Java. Nakipenda sana kikwembe, nitaolewa nacho. Lakini mtu asiniambie kilishuka na mababu kutoka Nyiragongo.

Kitu karatasi haijui kabisa, na hapa naona walioandika hawakuwa wamama wanaonunua, ni soko. Mzazi wa Keshero hachague nguo ya binti yake kutoka duka zima. Anachagua ndani ya balo. Balo limefungwa Ulaya, Marekani ao China, na mama anayeliuza hajui kitakachotoka mpaka akate kamba. Tena soko letu la balo ni kubwa kuliko mji wetu: tangu Rwanda ipandishe ushuru wa nguo za mitumba mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2 na senti 50, kuna watu wanaishi kwa kuzivusha kutoka Goma kwenda Gisenyi, wengine wamevaa nguo tano moja juu ya ingine. Basi wewe mama unafika asubui, balo linafunguliwa, watu wanasukumana. Nguo za mtoto wa miaka 3 mpaka 6 ni mingi, nzuri, na bei ya chini, juu mtoto wa kule anazikua mbele hazijachakaa. Ya miaka 10 mpaka 12 ni shida. Mtoto wa ule umri anavaa nguo yake mpaka inapasuka, ata kule Ulaya. Zinazobaki ni kola, ni mupira mufupi wa kuonyesha kitovu, ao ni nguo ya mwanamke mzima mwembamba, yenye kifua kilichokatwa kwa mtu mwenye kifua. Ile robo ya magoti yenye mikono ya kiwiko, ya karatasi, iko wapi? Iko kwa mshonaji. Na mshonaji anataka kitambaa na pesa ya kushona, na yule binti atakuwa ameirefukia mbele ya mwaka kuisha. Mama mwenye watoto wanne wa kike anahesabu, anachukua kola tatu kwa bei ya chini, anarudi. Kisha Siku ya Mungu anasimamishwa mbele ya wenzake kama mama asiyejua kulea.

Kama karatasi ingesema: tukusanye nguo, yule ambaye binti yake amekua apitishe kwa mwingine, mshonaji wa kanisa ashone jipe kumi kwa bei ya moja, ningeisaini na mikono mbili.

Halafu kuna kazi. Ile jipe ya kubana chini ya magoti, nani alishaijaribu na bidoni ya lita 20 kwa mgongo, kamba kwa paji la uso, unapanda kutoka ziwani juu ya mawe ya volkano? Mguu haufunguke. Unatembea kama kuku aliyefungwa. Sisi mabinti wa agronomia tulijua ile vita shambani. Tuliambiwa kwamba binti wa heshima hapalilii na pantalo, basi tulipalilia na jipe, tumeinama, mkono mmoja kwa jembe na mwingine nyuma unashikilia nguo. Nguo tuliyovalishwa juu ya heshima njo ilitupokonya heshima. Siku tuliruhusiwa kuvaa pantalo chini ya kikwembe, hakuna aliyefikiria tena nani anamwangalia nani. Na moto, vilevile. Binti mwenye jipe ya kubana anakaa upande, hana fasi ya kushika, na kwa mashimo yetu ile ni kumuomba Mungu afanye miujiza kila asubui. Pantalo pana, mupira murefu wa kufunika: mtoto anakimbia, anapanda, anabeba, anakaa namna anataka. Mi naona ile njo nguo ya heshima kwa mtoto, juu inamuacha asahau mwili wake na awe mtoto.

Wenye karatasi hawakugusa pia yale mambo ya sikukuu, na hapa nataka kucheka kidogo. Binti huyuhuyu anayekatazwa rangi ya kucha mwezi wa tisa, umuone Noeli na Bonane, ao arusi ya shangazi. Anasimamishwa mbele ya bibi arusi na viatu vya kisigino, midomo mekundu, meshi mpaka kiunoni, robo inabana mpaka anapumua kwa zamu. Miaka 10. Papa yake anapiga foto, anaiweka kwa statisi, anaandika "binti yangu". Jumatatu, binti akitoka na kola kununua unga, papa ileile anaita jikoni: "Mama, unaona mutoto yako gisi anavala?" Angalia vizuri: akipendeza ni wake, akileta shida ni wa mama yake. Na angalia tena kwamba hamsemeshi mtoto. Anasema kwa mama, mama anasema kwa mtoto, na kile kilichokuwa neno la baba kinafika kama kofi. Sikumbuki rafiki yangu ata mmoja aliyesema kwamba baba yake alikaa naye chini, akiwa na miaka 10, akamwambia: mwili wako unabadilika, si kosa, na mtu akikusemesha vibaya uje kwangu kwanza.

Yaya yangu aliniuliza sasa afanye nini, juu kuchambua ni rahisi. Nilimwambia aendelee kuamua. Avalishe binti yake vile anaona ni sawa kwa kanisa, kwa masomo, kwa kazi, na pale kuna nguo mbili zinazofaa, mtoto achague moja, ajifunze. Lakini abadirishe sababu. Kwa kanisa tunavaa hivi juu ni kanisa. Kwa kazi tunavaa hivi juu ya mawe. Sidiria tunaivaa juu usiumie ukikimbia, na nitakuonyesha kuifunga. Asiseme hata siku moja kwamba tunavaa juu ya wanaume. Na siku mtoto atarudi na uso umebadilika, swali la kwanza liwe: "Ni nani? Iko wapi?"

Yaya akasema pointi ya saba pia haimpendezi, juu binti zake wana kaka, na kaka hajaandikiwa kitu zaidi ya kaleso. Ni kweli. Mvulana wa miaka 12 anayesoma ile karatasi anajifunza nini? Kwamba magoti ya dada yake ni hatari, na kwamba yeye mwenyewe ni mtu asiyeweza kujizuia. Ningekuwa mvulana ningekasirika.

Kwa reinio inayofuata yaya anaenda na kalamu. Anataka waongeze pointi ya nane, ya motari wa ile kona: jina lake, namba ya moto yake, na wababa watatu wa kwenda kumuona. Wamama wawili wameshakubali kusaini. Wababa bado wanaangaliana.